Jasho la Fulubeki wa Ukumbini

Leo nakuomba tuiache soka kidogo. Twende Marekani, tuingie ndani ya ukumbi wenye paa, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, na chini kumetandikwa zulia la nyasi bandia juu ya sakafu ambayo juzi tu ilikuwa barafu ya wacheza magongo. Juu ya zulia hilo wamesimama watu kumi na sita wenye helmeti, wanane kwa wanane. Hii ndiyo futiboli ya ukumbini, mdogo wake ile futiboli kubwa ya Kimarekani unayoisikia kila Februari wakati wa fainali yake, Super Bowl.

Katika hao wanane, nataka tumfuate mmoja tu. Anaitwa fulubeki. Usimchanganye na fulubeki wa soka, yule anayepanda na kushuka pembeni akimwaga krosi. Huyu wa ukumbini anasimama hatua chache kutoka kwa kwotabeki, mrusha mpira, na kazi yake kubwa ni kupokea kwa kifua chake kipigo kilichokusudiwa kwa mwenzake. Namleta kwako leo kwa sababu mchezo huu ulijengwa mgongoni mwake, ukajitangaza kwa jasho lake, halafu ukamnyang'anya nusu ya kazi yake na karibu mshahara wake wote. Naona si haki, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tujue mchezo wenyewe ulitoka wapi. Februari 11, 1981, bwana mmoja aitwaye Jim Foster, ambaye alifanya kazi NFL, ile ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, alikuwa Madison Square Garden, New York, akitazama soka ya ndani. Akajiuliza: kama soka inachezeka ukumbini, futiboli itashindwaje? Akachukua bahasha ya kaki, akachora uwanja nyuma yake. Ilichukua miaka mitano kabla mchoro ule haujafanyiwa majaribio, mwaka 1986, mjini Rockford, jimbo la Illinois. Mwaka 1987 ligi ikaanza na timu nne tu: Chicago Bruisers, Denver Dynamite, Pittsburgh Gladiators na Washington Commandos. Denver wakaibuka mabingwa wa kwanza. Foster hakuacha mchezo wake uchukuliwe na yeyote, maana mwaka 1990 alipata hataza yake, jambo ambalo ni nadra mno kwa mchezo wa kuchezwa na timu.

Uwanja wenyewe una urefu wa yadi 50, kama mita 46, bila kuhesabu maeneo ya kufungia yaliyo kila mwisho. Upana ni futi 85, yaani mita 26 hivi. Uwanja wa soka ambao wewe na mimi tumeuzoea una mita 105 kwa 68. Kwa hiyo chukua wanaume wanane, baadhi yao wenye kilo mia na zaidi, waongeze wanane wengine wa kuwapinga, wote wafungie kwenye eneo ambalo halifiki hata robo ya uwanja wa soka. Pembeni hakuna chaki ya kutokea nje. Kuna ukuta uliovikwa magodoro, unaofika kifuani mwa mtu, na nyuma yake tu wamekaa mashabiki na soda zao mkononi. Ukisukumwa, unasukumwa ukutani. Wako waliorushwa juu yake wakaangukia mapajani mwa watazamaji.

Sasa sikiliza hesabu ya wale wanane, maana hapa ndipo maisha ya fulubeki yalipo.

Timu yenye mpira huweka wazuiaji watatu mbele. Nyuma yao yuko kwotabeki. Pembeni wapo wapokeaji watatu, ambao mmoja wao anaruhusiwa kuanza mbio kuelekea mbele kabla mpira haujaguswa, hivyo mpira unapotoka yeye tayari yuko kasi. Hesabu: watatu, mmoja, watatu. Saba. Wa nane ni fulubeki. Upande wa pili, timu inayolinda huweka watatu wa mbele, na nyuma yao wawili wanaoitwa malainibeka. Mmoja huitwa Mac, mwingine Jack. Kanuni za asili za mchezo zinasema Jack haruhusiwi kumvamia kwotabeki. Lazima abaki kwenye eneo lake mpaka mpira urushwe. Mac ndiye mwenye ruhusa ya kuvamia.

Umeona mtego? Watatu wa mbele wanazuiwa na watatu wa mbele, mtu kwa mtu. Anayebaki huru ni Mac, na upande wa wenye mpira naye amebaki mtu mmoja wa kumpokea: fulubeki. Kila mpira unaochezwa, usiku kucha, ni wawili hao. Wapokeaji wanakimbia, kwotabeki ananyoosha mkono, ukumbi mzima umeinua shingo kufuata mpira hewani, na huku chini wanaume wawili wamegongana kwa nguvu ambayo ungeisikia hata ukiwa umefumba macho.

Hebu tuwatazame kwa karibu. Fulubeki anasimama kidogo nyuma ya mstari, magoti yamepinda, mkono mmoja huenda unagusa zulia au umewekwa juu ya paja. Hatazami mpira. Anatazama kiuno cha Mac, kwa sababu macho yanadanganya na mabega yanadanganya, lakini kiuno kinaelekea kunako safari. Mpira ukianza, anapiga hatua moja fupi upande anakotokea yule mvamizi. Hatua ndefu ni kosa, inamfanya awe mwepesi wa kupinduliwa. Anashusha makalio, anatanguliza viganja vyote viwili kwenye kifua cha Mac, ndani ya mikono ya Mac huyo, vidole gumba vikielekea juu. Halafu miguu. Miguu haisimami hata kidogo, inakwenda tap-tap-tap kama ya mtu anayekanyaga moto, maana mguu ukisimama umeshashindwa. Anatakiwa kushikilia sekunde mbili, labda tatu. Baada ya hapo mpira umeondoka, na ama kuna shangwe au kuna minong'ono, lakini hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye.

Akichelewa nusu hatua, kwotabeki analala chini, na hapo ndipo kamera humtafuta.

Kwa wapenzi wa soka, mfikirie kama kiungo mkabaji. Tunajua wote jinsi timu inavyoyumba kiungo mkabaji akiumia, na tunajua pia jinsi jina lake linavyokosekana kwenye orodha ya wafungaji. Tofauti ni kwamba kiungo mkabaji wa leo analipwa vizuri, mashabiki wamejifunza kumheshimu. Fulubeki wa ukumbini hajafika huko.

Je, na yeye hukimbia na mpira? Hukimbia, ila mara chache. Futiboli ya ukumbini ni mchezo wa kurusha. Mabao yanaanguka kama mvua, timu kufika alama 50 au 60 ni jambo la kawaida. Mpira wa kukimbia nao hutolewa pale ambapo njia imezibwa kabisa: yadi moja au mbili kabla ya mstari wa kufungia. Hapo kocha anamkabidhi fulubeki mpira na kumwambia aingie nao kwenye rundo la watu. Ndiyo maana ukitazama takwimu za mafulubeki wengi wa ligi hii utashangaa. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la kufungia, ni nyingi, yadi ni chache. Asiyejua anaweza kusema mtu huyu hakukimbia. Kweli, hakukimbia. Alipenya, na kila yadi yake moja ilikuwa na watu sita juu yake.

Lakini bado sijakugusia lililo kubwa. Mpaka mwaka 2006 ligi hii ilikuwa na kanuni iliyokuwa roho yake, na wenyewe walijitangaza kwa jina la futiboli ya watu wa chuma. Kanuni ilisema wachezaji walio wengi lazima wacheze pande zote mbili. Mzuiaji wa mbele, timu yake ikipoteza mpira, anageuka kuwa mvamizi wa mbele. Mpokeaji anageuka kuwa mkabaji wa wapokeaji. Kwotabeki, mpiga mpira kwa mguu na wataalamu wachache walisamehewa. Fulubeki hakusamehewa. Mpira ukibadilisha mikono, yeye alibaki palepale zuliani na kugeuka kuwa lainibeka. Yaani yule Mac aliyekuwa akipambana naye, sasa ndiye yeye.

Kwa hiyo mtu mmoja alijua siri za pande zote mbili. Alijua Mac anawaza nini, kwa sababu dakika mbili zilizopita alikuwa Mac. Alijua fulubeki anachoka wapi, kwa sababu mapafu yake mwenyewe yalikuwa yanawaka. Na saa ya mchezo ule haisimami ovyo kama kwenye futiboli ya nje. Inakwenda moja kwa moja isipokuwa dakika ya mwisho ya kila kipindi. Tachidauni ikifungwa, kuna mpira wa kuanzia upya, na mara nyingi huko nako alitumwa. Kupumzika kwake kulikuwa ni pale anapokunywa maji huku kocha akimpigia kelele sikioni.

Naomba nikutajie mtu mmoja, Bob McMillen. Hakutoka kwenye vyuo vikubwa vyenye viwanja vya watu elfu themanini. Alicheza Illinois Benedictine, chuo kidogo cha mjini Lisle, jimbo la Illinois, katika daraja ambalo vyuo havitoi hata ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kijana wa aina hiyo NFL haimwoni. Akaanzia Milwaukee Mustangs katikati ya miaka ya 1990, akaenda Arizona Rattlers, kwa kocha Danny White, yule kwotabeki wa zamani wa Dallas Cowboys. Mwaka 1997 Rattlers wakacheza fainali, ArenaBowl ya 11, dhidi ya Iowa Barnstormers, wakashinda 55 kwa 33.

Kwotabeki wa Iowa siku ile alikuwa nani? Kurt Warner. Huyo habari zake zimezunguka dunia: kijana aliyepanga bidhaa usiku kwenye duka la Hy-Vee kwa dola 5 na senti 50 kwa saa, akaenda kucheza ukumbini Des Moines, kisha Januari 2000 akanyanyua Super Bowl na St. Louis Rams na kuwa mchezaji bora wa fainali. Wametengeneza hata filamu. Ni habari nzuri na sina neno nayo. Lakini kila mara inaposimuliwa, inasimuliwa kana kwamba Warner alisimama peke yake kwenye zulia lile miaka mitatu. Kuna watu walichukua vipigo vyake. Aliyefungua mkono na kurusha alipanda ngazi. Aliyempokelea Mac alibaki ukumbini. Hivyo ndivyo soko la mchezo ule lilivyokuwa. Kwotabeki na mpokeaji waliweza kuonekana na NFL, kwa sababu walichofanya kilikuwa na namba. Fulubeki alifanya kazi isiyo na namba. Karatasi ya takwimu ina sehemu ya yadi, sehemu ya tachidauni, sehemu ya waliokabwa. Haina mahali pa kuandika kwamba usiku huu mtu fulani alimsimamisha Mac mara 35 na kwotabeki akarudi nyumbani mzima.

Wengine walikwenda kinyume, wakishuka badala ya kupanda. Dan Alexander alitoka Chuo Kikuu cha Nebraska, akachaguliwa na Tennessee Titans mwaka 2001, na baadaye tukamwona kwenye ukumbi, Nashville Kats, akiwa fulubeki. Kwa mtu kama huyo ukumbi ulikuwa mahali pa kuendelea kula kwa mguu na bega lake wakati mlango wa juu umefungwa. Na sisi Afrika Mashariki tunaujua ugumu wa mlango huo: Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga, mwaka 2013 akasajiliwa na Indianapolis Colts, mwili anao, kasi anayo, na hata hivyo maisha yake NFL yalikuwa mafupi.

Nirudi kwa McMillen. Akahamia Chicago Rush. Mwaka 2006 Rush walimaliza msimu wa kawaida kwa kushinda mechi 7 na kupoteza 9, timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi. Wakaingia mtoano, wakashinda ugenini, wakashinda tena, mpaka wakafika fainali Las Vegas dhidi ya Orlando Predators. Matokeo: 69 kwa 61. McMillen, akiwa na miaka thelathini na kitu, fulubeki mkongwe, akachukua ubingwa wa pili, karibu miaka tisa baada ya ule wa Arizona. Miaka tisa kwenye nafasi ile, msikilizaji, na alikuwa ameshaanza kabla ya hapo. Wapo wanaoacha baada ya misimu miwili kwa sababu shingo haigeuki tena asubuhi.

Fainali ile ilikuwa ya mwisho ya zama za watu wa chuma. Mwaka uliofuata, 2007, ligi iliruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo. Hoja yao inaeleweka: ukimtenganisha mshambuliaji na mlinzi, kila mmoja anakuwa na nguvu zaidi, mchezo unakuwa safi zaidi kwenye televisheni, kwotabeki mzuri anapata wapokeaji waliopumzika. Na ligi wakati huo ilikuwa imenona. NBC walikuwa wameonyesha mechi zao tangu 2003 hadi 2006, John Elway alikuwa mmoja wa wamiliki Denver, mwanamuziki Jon Bon Jovi Philadelphia, Jerry Jones wa Cowboys alikuwa na timu yake Dallas. Mwaka 2007 kulikuwa na timu 19.

Mimi nasema walikosea. Walichukua kitu kimoja kilichowatofautisha na futiboli nyingine zote, wakakitupa. Na aliyeumia zaidi ni fulubeki. Mpokeaji aliyeacha kulinda bado ni mpokeaji, bado anashika mpira mara kumi kwa usiku. Fulubeki aliyeacha kuwa lainibeka amebaki na nini? Amebaki na zile sekunde mbili tatu za kumsimamisha Mac. Ule upande wake wa pili, ambako aliweza kunyakua mpira, kumwangusha mtu, kutajwa jina na mtangazaji, amepewa mtu mwingine. Haikuchukua muda, makocha wakaanza kuweka pale mtu mnene wa kuzuia tu, kilo 120 na kuendelea, mzuiaji wa nne aliyesogezwa nyuma. Ufundi wa mtu mmoja kujua pande zote mbili ukaanza kufa.

Kisha likaja la fedha. Desemba 2008, dunia ikiwa kwenye mtikisiko wa uchumi, ligi ikatangaza kwamba msimu wa 2009 hautakuwapo. Wachezaji waliokuwa na mikataba ya makumi ya maelfu ya dola kwa msimu wakabaki na makaratasi. Agosti 2009 ikafuata njia ya kufilisika. Mwaka 2010 jina lilirudi, wamiliki wengine, nembo zilezile nyingi, ila malipo yalikuwa dola 400 kwa mechi.

Tukae hapo. Dola 400. Msimu wa kawaida wa 2010 ulikuwa na mechi 16. Zidisha: ni dola 6,400 kabla ya kodi, kwa miezi minne ya kugonga na kugongwa, pamoja na mazoezi ya wiki nzima. Malazi timu ilitoa, lakini mke na watoto waliobaki mji mwingine hawalali kwenye malazi ya timu. Wengi walifanya kazi nyingine mchana au walipofunga msimu. Na kumbuka hapa kwamba mpokeaji anayelipwa dola 400 anajinadi, ananunua tumaini la kuonwa na ligi ya Canada au NFL. Fulubeki alinunua tumaini gani? NFL yenyewe ilikuwa inapunguza mafulubeki, timu nyingi zikicheza bila nafasi hiyo kabisa.

Wachezaji hawakukaa kimya. Machi 2012, siku ya ufunguzi wa msimu mjini Orlando, mvutano wa malipo ulifikia kiwango cha wachezaji wa Pittsburgh Power kufukuzwa wakiwa mezani, kwenye mlo wa kabla ya mechi. Saa chache baadaye mechi ikachezwa hivyohivyo, kwa watu waliookotwa haraka haraka. Wapo waliorudishwa baadaye. Lakini niambie wewe, msikilizaji, kama utaweza kumtetea bega kwa bega kwotabeki wa mwajiri aliyekuachisha kazi na uma mkononi.

Na hatari haikuwa ya kubuni. Aprili 10, 2005, huko Los Angeles, Al Lucas wa timu ya Avengers, mtu wa mstari wa mbele, alijeruhiwa uti wa mgongo kwenye mchezo wa kurudisha mpira, akafariki siku hiyohiyo. Alikuwa na miaka 26. Nafasi yake haikuwa ya fulubeki, ila walicheza kwenye zulia moja, wakitumwa kwenye kazi zilezile za kugonga. Timu yake iliistaafisha jezi namba 76. Kila ninaposikia mtu akisema mchezo wa ukumbini ulikuwa maonyesho tu ya wikiendi, namkumbuka huyo kijana.

McMillen baada ya kuvua helmeti akageuka kocha, na njia yake ya ukocha inasema mengi kuhusu ligi yenyewe. Mwaka 2011 alikabidhiwa Chicago Rush, timu aliyoipa ubingwa. Mwaka 2013 timu hiyo iliyumba kwa matatizo ya umiliki mpaka mechi zake za mwisho za nyumbani zikachezwa Rockford, kwenye ukumbi uleule ambako mchezo huu ulifanyiwa majaribio mwaka 1986. Baada ya msimu ule Rush ikafa. Mwaka 2014 akaenda kuanzisha Los Angeles Kiss, ambayo miongoni mwa wamiliki wake walikuwamo wanamuziki wa bendi ya Kiss. Ligi yenyewe ikazidi kukonda: mwaka 2018 ilibaki na timu nne, idadi ileile ya mwaka 1987. Novemba 2019 ikatangaza kufilisika tena. Mwaka 2024 watu wengine waliifufua kwa jina lilelile, timu 16, na ndani ya wiki chache tu timu zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine.

Utaniuliza, kwa nini basi watu walicheza? Nimelifikiria sana. Jibu la haraka ni kwamba waliupenda mchezo, na ni kweli. Lakini fulubeki alikuwa na jambo lake zaidi. Kwenye futiboli ya nje, ya watu kumi na mmoja, mtu wa kazi yake anazama kwenye umati. Ukumbini alikuwa mmoja wa wanane, na kwenye lile pambano lake alikuwa mmoja wa wawili. Akishinda, alijua. Kwotabeki alijua. Mac alijua, na baada ya mechi huyo Mac ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kumshika mkono. Nadhani mtu anaweza kuishi kwa heshima ya aina hiyo miaka mingi. Ila heshima hailipi matibabu ya goti ukiwa na miaka arobaini, na wenye ligi walijua hivyo walipoweka dola 400 mezani.

Mchezo bado upo, chini ya majina mengine. Arizona Rattlers na Iowa Barnstormers wamehamia Indoor Football League, wanacheza kuanzia majira ya machipuko. Najua wako wanaotusikiliza kwa simu zao kutoka Des Moines, mji wenye familia nyingi za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili, na wako wa Phoenix. Nyinyi mnazo timu hizi mlangoni. Siku mkienda, uacheni mpira angalau kwa robo moja ya mchezo, mmtazame yule aliyesimama karibu na kwotabeki. Hesabuni mara ngapi anamsimamisha mvamizi. Mpigieni makofi kwa jina lake, mtangazaji akimsahau.

Na ewe mzazi, kama mwanao amekua mkubwa huko, ana mabega mapana, na siku moja akakuletea mkataba wa timu ya ukumbini, usimkataze kwa hofu na usimruhusu kwa furaha. Kaeni naye mezani, msome pamoja ukurasa unaosema nani atalipa hospitali akiumia, na atalipa mpaka lini baada ya msimu kwisha. Ukurasa huo kama haumo, asitie sahihi.